Figa la Engare Nanyuki

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kumkatia ng'ombe majani, Elihuruma aliingia jikoni kwa bibi yake, akaketi juu ya kigoda na kumenya ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Jiko lile lilikuwa kibanda cha mbao kilichosimama kati ya migomba na mibuni, kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Tengeru. Mafiga yake yalikuwa matatu, kama yalivyo mafiga popote; ila mawili yalikuwa mawe ya kijivu ya mtoni, na la tatu lilikuwa jeusi tititi, lenye vitundu vitundu. Elihuruma alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wala hakuwahi kuuliza kwa nini lile moja halikufanana na wenzake. Jicho likizoea kitu huacha kukiona.

Majuma hayo alikuwa akimenya ndizi huku daftari limelala wazi magotini. Shule yao, Shule ya Msingi Mringaringa, ilikuwa imefika fainali ya chemsha bongo kuhusu historia, siasa na utamaduni wa taifa. Washindi wangepelekwa Dodoma kuliona Bunge likiwa kikaoni. Tangu shule hiyo ijengwe, hapakuwa na mwanafunzi wake aliyewahi kushinda kitu chochote mjini, isipokuwa mbio za magunia.

"Uhuru wa Tanganyika?" alijiuliza.

"Tarehe tisa Desemba, 1961," bibi yake akajibu kabla yake. Bibi Magdalena alikuwa na umri wa karibu miaka themanini, lakini kumbukumbu yake ilikuwa kali kuliko kisu alichokishika.

"Bibi, nijibu mimi! Muungano? Tarehe ishirini na sita Aprili, 1964. Azimio la Arusha? Lilipitishwa hapa Arusha mwezi wa Januari, likatangazwa tarehe tano Februari, 1967." Akafunua ukurasa. "Swali la mia mbili na kumi na nne. Kati ya wananchi wa Tanganyika, ni nani aliyetangulia kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuitetea haki ya watu wake? Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1955."

Kisu cha bibi kikasimama katikati ya ndizi.

"Rudia hilo."

Elihuruma akarudia.

"Mwalimu alikwenda," bibi akasema taratibu, "tena alisema maneno ya kuikomboa nchi. Sina la kumpunguzia, Mungu amrehemu. Lakini njia ile aliikuta imekwisha kukanyagwa. Wewe unaliona figa lile jeusi?"

"Naliona."

"Huliangalii. Sasa liangalie. Mwaka 1951, mwezi wa Novemba, nilikuwa mtoto wa miaka sita. Tulikaa Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Serikali ya Waingereza ikaamua kuwapa walowezi ardhi yetu. Askari wakaja, nyumba zikatiwa moto, mifugo ikaswagwa. Mama yangu alikuwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, akarudi kwenye majivu ya jiko letu, akaling'oa figa moja. Watu wakamwambia, 'Wewe mama, una wazimu? Mawe yamejaa njia nzima!' Akawajibu, 'Mawe yapo, lakini hili ndilo linalonijua.' Akalibeba mpaka huku kwa mjomba wake."

Elihuruma aliliangalia jiwe lile kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu aliyeishi naye nyumba moja siku zote.

"Na Umoja wa Mataifa, bibi?"

"Wameru wakashauriana, wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alisimama kule New York, akaeleza tulivyotendwa. Hakurudi na ardhi mkononi. Ila dunia ilisikia kwamba sisi nasi ni watu. Mwaka 1952 na mwaka 1955, mjukuu wangu, upi unatangulia?"

Kesho yake asubuhi Elihuruma alimfuata Mwalimu Philemoni, mwalimu wao wa historia, aliyekuwa akiwaandaa kwa ajili ya mashindano. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Habari za Kirilo nami nimezisikia," alisema. "Lakini daftari hili nimelinakili kutoka kijitabu cha kamati, na waamuzi wanacho kijitabu hicho hicho. Siku ile wape wanachokitaka. Tukirudi na ushindi, tutazungumza mengine."

"Hata kama si kweli, Mwalimu?"

"Elihuruma, mtihani una jibu lake." Alilisema neno hilo huku akitazama dirishani, na mtoto akaona kwamba hata msemaji mwenyewe halikumtulia kifuani.

Siku ya fainali, ukumbi mmoja wa katikati ya jiji la Arusha ulijaa wanafunzi, wazazi na walimu. Bibi Magdalena alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba cheupe, akaketi safu ya tatu. Wapinzani walikuwa wa shule moja ya Kijenge, viatu vyao vikimeremeta kama vioo. Nahodha wao, Meshack, aliwatazama watoto wa mlimani kuanzia kichwani hadi kwenye tope jekundu la soli zao.

"Nyinyi wa migombani," akasema, "mnajua Bunge ni nini? Msije mkadhani ni genge la ndizi."

"Chalii, usitukane genge," akajibu Bariki, mwenzake Elihuruma mezani. "Mtori uliokunywa asubuhi umetoka kwetu. Sema asante kwanza, ndipo ushindane."

Hata Meshack alicheka, ingawa alijitahidi kuficha. Bariki alikuwa mwepesi wa ulimi, lakini si mwepesi wa kukariri. Kila Mwalimu Philemoni alipomuuliza ni mimea gani iliyomo kwenye Nembo ya Taifa, hakuacha kutaja ndizi.

Mwamuzi mkuu, Bi Evaresta, mwalimu mstaafu mwenye miwani minene, alisoma kanuni. Mwenye kugonga kengele kwanza ndiye ajibuye. Akikosa, swali huenda kwa wapinzani. Kila jibu sahihi lina alama mbili.

Maswali yakaanza kumiminika. Meshack alijibu kama maji ya mfereji. Elihuruma naye hakubaki nyuma. Wakapishana, wakakamatana, wakapishana tena. Ilipofika zamu ya swali la mwisho, kila upande ulikuwa na alama thelathini na nane.

"Swali la mwisho," alisema Bi Evaresta. "Kati ya wananchi wa Tanganyika, ni nani aliyetangulia kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuitetea haki ya watu wake?"

Mkono wa Elihuruma uligonga kengele kabla moyo wake haujaamua. Aliona Dodoma. Alimwona Mwalimu Philemoni amekunja ngumi mbili magotini. Mdomo ukafunguka, ukatoa kile ulichozoeshwa kutoa.

"Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1955."

"Sahihi! Alama mbili kwa Mringaringa!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Bariki alimkumbatia. Elihuruma akatazama safu ya tatu, akitaraji kuona uso uliokunjamana; kumbe bibi yake naye alikuwa akipiga makofi. Alipiga taratibu, kwa mikono yake iliyochoka, huku akimtabasamia mjukuu wake. Alikuwa amesikia kila neno, naye amesamehe. Hilo ndilo lililomchoma Elihuruma kuliko kemeo. Akajiona kama mtu aliyeachiwa amana, akaiuza sokoni mbele ya mwenye mali, na mwenye mali akamwambia asante.

Akasimama.

"Mheshimiwa mwamuzi, naomba ruhusa ya kusema. Jibu langu si sahihi."

Vigelegele vikakatika.

"Eli, kaa chini!" Bariki alinong'ona, akiivuta sketi yake. "Dodoma hiyo inaondoka!"

"Jibu nililotoa limo kwenye kijitabu," Elihuruma akaendelea, "nami nilijua ndilo linalotakiwa. Lakini nilijua pia kwamba silo. Mwalimu Nyerere alikwenda mwaka 1955. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1952, Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki. Alama hizi si zangu."

Bi Evaresta alivua miwani yake. "Binti, unasema kijitabu cha kamati kimekosea. Hilo ni neno zito. Ushahidi wako uko wapi?"

"Shahidi ameketi safu ya tatu, mheshimiwa."

Watu wote wakageuka. Bibi Magdalena akainuka, akishikilia kiti cha mbele.

"Shikamoo, bibi," alisema mwamuzi mkuu, akisimama naye.

"Marahaba, mwanangu. Mimi si msomi. Sikumwona Kirilo akisema huko Marekani. Lakini nyumba yetu ikiungua niliiona, na Kirilo akirudi nilimwona. Watu wazima walikuwa wakilia na kucheka kwa wakati mmoja. Mengine someni nyinyi mnaosoma."

Waamuzi wakainamishiana vichwa. Mmoja wao akafungua kompyuta mpakato, akatafuta kumbukumbu za Umoja wa Mataifa. Dakika zikapita polepole. Mwalimu Philemoni alikuwa amejiinamia kama mtu anayesoma maandishi sakafuni. Hatimaye Bi Evaresta akarudi mbele.

"Mtoto huyu amesema kweli. Mwaka ni 1952, na jina ni Kirilo Japhet. Kijitabu kitasahihishwa." Makofi yakaanza, akainua mkono kuyazuia. "Lakini kanuni ni kanuni. Jibu linalohesabiwa ni la kwanza, nalo lilikuwa kosa. Alama mbili zinaondolewa. Swali linakwenda kwa wapinzani. Nahodha wa Kijenge, jibu lako?"

Manung'uniko yakapita ukumbini. Jibu lilikuwa limekwisha kutajwa mbele ya watu wote. Meshack hakuwa na kazi ila kuliokota. Mwenzake wa kulia akampiga kiwiko: "Sema, wewe! Si umelisikia?"

Meshack alisimama. Alimtazama Elihuruma, kisha akamtazama bibi mwenye kilemba cheupe, ambaye alikuwa bado hajaketi.

"Mheshimiwa, sikulijua jibu hili," akasema. "Nimelisikia sasa hivi, pamoja nanyi. Siwezi kuvuna nisipolima. Tunaliacha."

Hapo makofi hayakuzuilika tena, na ya bibi yalisikika kuliko ya wote.

Alama zikabaki thelathini na nane kwa thelathini na nane. Bi Evaresta akachomoa karatasi ya swali la nyongeza.

"Katika Nembo ya Taifa, mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya mlima gani, na miguuni pao kuna mimea gani miwili?"

Kengele ililia mara moja. Elihuruma alishtuka alipoona mkono ulioigonga ni wa Bariki.

"Kilimanjaro," Bariki akasema, jasho likimtoka. Akafumba macho. Mwalimu Philemoni naye akafumba yake. "Miguuni pa mwanamume kuna... karafuu. Na pa mwanamke kuna pamba. Ndizi wametusahau, mheshimiwa, lakini tumesamehe."

"Sahihi!" Bi Evaresta akasema akicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Aliyetangulia kuvuka jukwaa kuwapa mkono alikuwa Meshack. "Wa migombani mna mambo," akamwambia Bariki. Kisha akashuka hadi safu ya tatu, akainama. "Shikamoo, bibi. Naomba siku moja unisimulie na mimi."

Kabla ya kukabidhi zawadi, Bi Evaresta, aliyependa mashairi, alisimama akawaambia watoto wote:

"Leo tumepima ujuzi wa taifa letu, nasi tumepimwa pia. Taifa halijengwi na wenye kumbukumbu peke yao. Hujengwa na wenye kumbukumbu wanaothubutu kuisema. Shikeni ubeti huu mrudi nao makwenu:

*Elimu hii amana, si vazi la kuazimwa,*
*Ukiulizwa bayana, kweli si taa kuzimwa.*"

Jumatatu, mbele ya Darasa la Sita, Mwalimu Philemoni alilifungua daftari lake kwenye swali la mia mbili na kumi na nne, akachora mstari mwekundu juu ya jibu, kisha akampa Elihuruma kalamu. "Andika wewe," akasema. "Mimi nilikufundisha kujibu. Bibi yako amekufundisha kujua. Nisameheni, watoto wangu. Siku nyingine mtu akiniuliza kama ni kweli, sitamjibu habari za mtihani."

Alasiri hiyo Elihuruma aliingia jikoni kama kawaida. Chungu cha mtori kilikuwa kimekwisha kuinjikwa. Akachutama, akaligusa lile figa jeusi kwa ncha ya kidole, likiwa lina joto.

"Bibi, mama yako alibeba figa moja tu. Kwa nini hakubeba yote matatu?"

"Angeweza wapi, na mtoto mgongoni? Alipofika huku aliokota mawili mtoni." Bibi Magdalena akakoroga chungu, akaonja, akaongeza chumvi kidogo. "Jifya moja haliinjiki chungu, mjukuu wangu, hata likiwa figa la kweli. Mimi nilijua miaka yote hii, na chungu hakikukaa. Mpaka wewe ulipokubali kusema, na yule mama mwenye miwani akakubali kusikiliza. Sasa kimekaa. Ukifika Dodoma, wewe na Bariki, waangalieni wale wakubwa vizuri. Halafu mkumbuke: anayejua, anayesema na anayesikiliza, nchi inapikwa juu ya hao watatu. Akikosekana mmoja, chakula humwagika majivuni."

Akampakulia bakuli la kwanza, lililojaa mpaka ukingoni.