Mgeni wa Chini ya Ngazi

Mlango wa kabati lililo chini ya ngazi ulibishwa saa tisa alasiri, kwa ndani. Kendi, mtunzaji wa wazee, alikuwa amebeba sinia la chai. Akaitika vile alivyozoea kwao Meru: "Karibu!"

Mzee Chhotubhai akaangusha kijiko. "Umemwitikia?" akanong'ona. "Ala! Miaka arobaini namsikia akibisha, hakuna aliyewahi kumjibu."

Nyumba hiyo ya mtaa wa Acocks Green, ughaibuni, ilikuwa ya daktari, ikawa bweni la wasichana, kisha Chhotubhai akahama kutoka Kisumu, akainunua na kuifanya gesti. Sasa binti yake Nilam anatunzia wazee humo, naye mzee ni mmoja wao. Wenye nyumba wote hao walinyamaza. Ni Kendi wetu tu, na adabu zake!

Tangu siku hiyo harufu ya makaa yaliyolowa ikawa inapanda ngazi, leo kidato hiki, kesho kile, mpaka ikaingia chumbani kwa mzee, naye akaacha kula, akakonda, akawa anasogea ukingoni mwa kitanda kana kwamba anampisha mtu. Kendi alimpenda kama baba yake. Alijilaumu hadi machozi.

"Vyumba vimejaa," mzee alimwambia kwa sauti ya chini. "Anataka changu."

Kendi akamleta Sheikh Tahlil wa mtaa wa Bordesley Green, Msomali aliyekulia Garissa. Sheikh alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho.

"Huyu hafukuziki," akasema. "Ulimkaribisha mwenyewe, basi msindikize. Mfikishe daraja la stesheni, umuage. Usigeuke nyuma hata kidogo."

"Haya, mgeni," Kendi akasema mlangoni pa kabati, "twende nikusindikize."

Akatoka, na nyuma yake zikaja hatua nzito za majimaji, wakapita madukani watu wakiendelea na shughuli zao, na walipokata kona akasikia hatua nyingine, nyepesi, za ndara zinazoburuzwa, mtu anayejikokota kuwafuata, na moyo ukamlipuka kwa sababu mwendo ule aliujua, akatamani kugeuka, jamani, akatamani sana, lakini alikuwa amekatazwa, akakaza shingo mpaka darajani.

"Kwaheri," akasema.

Sauti mbili zikaitika.

Kendi alirudi mbio. Nilam alikuwa langoni akilia. Mzee alikuwa kitini mwake, amejifunika shali, ameshapoa. Miguu yake ilikuwa mitupu, na ndara zake hazijaonekana mpaka leo.