Nyundo ya Halkano

Maziwa ndiyo yaliyoanza. Kaltuma alifungua kibuyu asubuhi, akasikia harufu ya mti uliokatwa sasa hivi. Akamgeukia wifi yake, Amina.

"Umetia nini humu?"

"Muulize mume wako jana alipiga nini. Mimi nilimkataza."

Halkano alikuwa bwana miti wa serikali pale Garsen, wakati wa Mzungu. Kazi yake kupita msituni na nyundo yenye chapa. Mti akiupiga, wenye mashoka wanakuja kuuangusha. Sasa akaenda kupiga ule mti wa mbambakofi wa kijiji cha Kulesa, ambao wanawake humwagia maziwa ya kwanza ng'ombe akizaa. Kivuko cha mtoni kilitaka mbao, na yeye aliahidiwa cheo na nyumba ya mabati. Kaltuma ndiye aliyemsukuma. Hilo watu wa Kaltuma hawalisemi.

Mchana wakasikia ko! nje. Nyundo ilikuwa imetundikwa ndani, haijaguswa. Kutazama kibuyu, kina chapa, na palepale kikapasuka.

Jua likizama, ko! tena, zizini. Ndama akatoka na chapa pajani, mbichi, inatoa utomvu. Akainamia upande mmoja kama mti uliokatwa shina, akaanguka pu. Hakuamka.

"Kaka," Amina akanong'ona, "linakuja ndani."

Ikalia ya tatu, ndogo, kama imepiga kitu laini, na ile harufu ya mti mbichi ikajaa nyumba nzima mpaka macho yakawasha, na Kaltuma akamfunua mtoto wao Madina, akaiona chapa katikati ya kifua.

Mganga Guyo alipoitwa hakukaa hata chini. "Mti ule ni nyumba ya jini, nawe umeuhukumu, mwanangu. Nenda ukaichonge ile chapa itoke mtini, kwa mkono wako, umwage maziwa. Lakini haipotei. Ikitoka kwa mtoto, itatafuta mwili mwingine."

"Nikifuta chapa ya serikali, kazi imekwisha."

"Kazi!" Amina akamrukia. "Mtazame mtoto, ameshaanza kuinamia upande!"

Halkano akachukua panga. "Basi initafute mimi," akasema, akatoka.

Aliporudi, Madina alikuwa ananyonya, kifua safi. Kaltuma akacheka na machozi, akamkumbatia mumewe. Mkono wake ukashika unyevu mgongoni. Ukanata.

"Jasho tu," Halkano akasema.

Alikuwa amesimama, ameinamia upande mmoja.