Akala za Erot

Apa kwanza hutamwambia mtu. Mimi pia nilimwapia rafiki yangu Judy, na ona, hata chai yake haijapoa tumboni.

Mume wake, Ekitela, alikosa usingizi tangu ndugu yake Erot akatwe panga nyuma ya soko la mifugo hapa Isiolo, akapatikana amekufa, miguu mitupu. Judy na mama mkwe wakampeleka kwa Nakolong, yule mganga anayerusha viatu ili vielekee chanzo cha shida. Majirani walijaa nje, wakichungulia mlangoni.

"Viatu si kama nyinyi, havisengenyi," Nakolong akacheka. "Vinakuonyesha wewe mwenyewe. Vua akala zako, baba."

Ekitela akavua bila kufikiri. Zikarushwa, zikamwelekea yeye. Zikarushwa tena, zikamwelekea.

Mama yake akapiga nduru: "Hiyo kamba nyekundu nilishona mimi! Ni za Erot!"

Ekitela akamrukia mama yake, akamkaba koo. Upepo ukabamiza mlango, ndani giza tupu. Majirani wakasikia pu! pu! kama panga kwenye mfupa, halafu akala zikitembea polepole.

Mlango ulipofunguliwa, wote walimwona Ekitela, mikono ingali shingoni mwa mama yake, amekauka kama mti. Mbele ya vidole vya miguu yake zilisimama zile akala, zimemwelekea, zimelowa damu mbichi, zimezama mchangani kama zimevaliwa na mtu mzito.