Watu wa Karatasi wa Pango la Maji

Jioni ile nilikuwa nampelekea mume wangu Deshun supu na nyama ya moshi, nimekasirika hata njia siioni vizuri.

Sisi kazi yetu ni watu wa karatasi. Mtu akifa, tunamtengenezea watumishi wa fito za mianzi na karatasi, wanachomwa kaburini wamfuate. Pua tunachora. Mdomo tunachora. Macho? Ng'o. Mtu wa karatasi akipata macho ataona, na akiona atatamani. Hilo wilayani kwetu hata mlevi analijua.

Lakini wilaya yenyewe imebaki na nini? Milima ya mawe, chai, na wazee. Vijana wote wamekimbilia viwanda vya pwani. Ndipo kampuni ikaja, ikatia taa za rangi ndani ya Pango la Maji, ikajenga geti. Meneja wake, Bwana Qiu, akataka watu wa karatasi wenye macho, watalii wapige nao picha.

"Usithubutu," nilimwambia Deshun.

"Wewe Xiumei nawe. Macho ni wino tu. Au unataka tule mawe?"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilipofika pangoni, alikokuwa akiwachora macho, wafanyakazi walikuwa wameshaondoka. Maji yalidondoka huko ndani... to... to... Harufu ya gundi mbichi ilinijaa puani. Watu wa karatasi walisimama ukutani, wote wana macho.

"Deshun?"

"Nipo," mtu alinong'ona nyuma yangu.

Alikuwa yeye. Nilimkabidhi bakuli bila kumsalimu, maana hasira zilikuwa hapa kooni. Akala kimya. Mume wangu hajawahi kumeza tonge bila kulalamika kwamba pilipili haitoshi. Supu ikamchuruzika kidevuni, akaifuta kwa kidole.

Kidevu kikatoka na kidole.

Ndani yake niliona ufito wa mwanzi.

"Twende nyumbani, mke wangu," alinong'ona, akijiziba kwa kiganja.

Nilirudi nyuma mpaka nikagusa ukuta. Kando yangu, pakavu kabisa, alisimama mtu wa karatasi ambaye sikumtengeneza mimi. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Nilikimbia. Nilipofika nyumbani nilimkuta yule mwenye sura ya mume wangu ameshaketi, kidevu amekifunga kitambaa. Anasema alijikata na kisu. Majirani wanamwamini. Mimi wananiambia nimechanganyikiwa, nikapumzike. Nipumzike na nani, kitanda kimoja na karatasi?

Kesho ni sikukuu ya kulisha mizimu. Qiu ametangaza kwamba watu wote wa karatasi wa pangoni watachomwa, watalii watazame. Nilimwendea, mimi niliyeapa sitamwomba kitu, nikamwomba yule mmoja tu.

"Yule anayelia?" akacheka. "Mama, huyo ndiye watalii wanayemngoja."

Nyumbani nako, yule wa kitambaa aliniambia kwa upole, "Waache wachome, Xiumei. Tutaishi vizuri."

Upole wake ndio ulionichemsha damu.

Sasa nimekaa hapa getini na panga la kukatia mianzi. Aje Qiu, waje na walinzi wake, watanijua. Nilikuwa nimebeba na ndoo ya maji ya kuzimia moto. Nimeimwaga njiani. Maji nayo yangeniulia mume.