Mkongojo wa Bibi Robi

Kila jioni akitoka shuleni, Mokami alivua sare, akala viazi vilivyobaki mchana, kisha akaenda kwenye karakana ya baba yake pale Kisaka. Alipenda kumtazama baba akikereza, gogo likizunguka kwenye mashine na maranda yakimrukia mpaka kichwani. Sikukuu ikikaribia, fundi Werema alitengeneza zawadi zilezile za kila mwaka: michi, vigoda na miti ya kusukumia chapati.

"Baba, watu wamechoka na michi," Mokami alisema. "Mimi nitamkerezea Bibi mkongojo wenye kichwa cha kufunguka. Ndani ataweka ugoro wake."

Baba alicheka. Wazo lilimkuna kwelikweli. "Haya, fundi. Lakini mti mkavu tu. Soma chaki."

Kila kipande cha mti kiliandikwa kwa chaki mwezi kilipokatwa, na hakikuguswa kabla ya kumaliza miezi kumi, maana mti mbichi hupasuka ukikauka. Bahati mbaya, vikavu vyote vilikuwa vya wateja. Vilivyobaki vilikatwa Novemba, na sasa ilikuwa Desemba. Mokami alizitaka sifa za Krismasi hii, si ya mwakani. Akachukua kimoja, akafuta "Novemba", akaandika "Januari". Kisha akakianika kipande juani siku tatu ili kipungue uzito.

Baba, kazi zikiwa zimemsonga, alisoma chaki akapitisha, Mokami akaukereza mkongojo wa Bibi.

Asubuhi ya Krismasi Bibi Robi aliufungua na kuufunga mkongojo ule mara tano, akawaonyesha majirani wote. Alipoteremka korongoni kwenda kanisani, akauegemea kwa uzito wake wote. Kichwa kikapasuka. Ugoro ulimwagika, Bibi akaangukia mkono wa kulia, nao ukavunjika.

Kesho yake mzee Nyangwine, aliyemuuzia baba miti, alikuja kumpa pole. Baba hakumpa hata kiti.

"Umeniuzia gogo lenye ufa ndani! Umemvunja mama yangu!"

"Werema, miaka kumi na miwili nakuletea miti. Nimekudanganya lini?"

"Toka kwangu!"

Mzee wa watu akaondoka ameinamisha kichwa. Mokami alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote. Aibu ilimchoma, lakini woga ulimzidi.

Siku ya nne alimweleza baba yote huku akilia. Baba hakumpiga. Afadhali angempiga! Alimshika mkono tu, wakaenda kwa Nyangwine.

"Shikamoo, mzee. Kosa ni langu. Nilibadilisha chaki. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe, mtoto," mzee alijibu bila kumtazama baba. "Ila miti yangu sasa naipeleka kwingine."

Baba naye aliomba radhi, lakini Nyangwine hakubadili neno lake. Njiani baba alisema, "Kukereza mti mbichi ni kosa la anayejifunza. Hata mimi nimepasua vipande vingi. Lakini chaki ile siiandiki kwa ajili ya mti, Mokami. Naiandika kwa ajili ya mtu atakayeuegemea. Ukidanganya pale, anayeanguka si wewe."

Krismasi iliyofuata Mokami alimpelekea Bibi mkongojo mpya, mkavu, wenye chaki ya kweli. Mkono wa kulia wa Bibi ulikuwa umeunga vibaya, vidole havikunjiki tena. Bibi akanyoosha ule mwingine.

"Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. "Napokea kwa kushoto."