Gauni la Rangi ya Bizari

Walikutana kwa kugongana, katikati ya msukumano wa stesheni kuu ya Chicago. Sanduku la Ambrose Tuttle, msafiri aliyehutubia watu kwa picha za nchi za mbali, lilianguka, na kioo kimoja chenye picha kikapasuka.

"Dada, umenivunjia Kairo nzima!"

"Pole, bwana. Kupaka rangi picha za vioo ndiyo kazi yangu, nitakutengenezea nyingine," alisema Ottilie Brandt, akikung'uta gauni lake la buluu. "Na huyo ngamia wako nitamnenepesha kidogo."

Tangu hapo Ottilie akawa ndiye anayezipaka rangi picha za Ambrose, na ukumbini ndiye anayeshika taa ya kuzionyesha. Ambrose akigonga fimbo sakafuni mara moja, maana yake twende mbele, naye hubadilisha picha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila hakuna aliyethubutu kuyatamka.

Siku moja Ambrose akamletea kioo kipya: mwanamke mwenye kofia pana, ameipa kamera mgongo, amezungukwa na umati.

"Huyu mpake vizuri. Nimezunguka dunia, sijaona aliyenivutia kama yeye."

"Ni nani?"

"Utamjua tu."

"Na Japani unakwenda lini?"

"Wiki ijayo."

"Peke yako?"

"Itategemea."

Itategemea! Yaani itategemea huyo mwenye mgongo! Ottilie alimpenda Ambrose, na wivu ukamchoma. Akamvika yule mwanamke gauni la rangi ya bizari, na kofia akaipaka zambarau inayoumiza macho.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Fimbo ikagonga, mwanamke wa bizari akatanda ukutani, na watu wakaangua kicheko. Ambrose naye alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Mabibi na mabwana, gauni hili kwa kweli ni la buluu. Nilimpiga picha stesheni akiondoka, baada ya kunivunjia Kairo. Sasa hivi yuko pale nyuma, kwenye taa."

Ottilie akautumbulia macho ule mgongo. Lo! Nyani haoni kundule. Mgongo alioutukana wiki nzima ulikuwa wake mwenyewe.

"Ottilie, mpenzi wangu," Ambrose akaita, "utakubali kuwa mke wangu, twende wote Japani?"

Ukumbi mzima ukageuka, lakini gizani hakuna aliyemwona. Basi akakunja ngumi, akagonga ubao wa taa mara moja.