Msonobari wa Bi Masouda

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima, lakini sakafu ya ua bado ilichoma nyayo. Nilikuwa nimemaliza kumbadilishia shuka Mzee Marhoon, aliyelala kitandani mwezi wa sita bila kusema neno, mkewe aliponiita bustanini.

"Peninah, njoo na mkasi. Msonobari una vijiti vikavu."

Nilitoka Kenya kuja Muscat kuuguza mgonjwa. Kazi ya mti iliongezwa baadaye. Bi Masouda aliupenda kuliko watoto wake. Ndoo mbili kila jioni, kitambaa cha kivuli mchana, na asiuguse mtu yeye hayupo.

Nikakata kijiti kimoja.

Tk.

Ndani, Mzee akapiga ukelele...

Nikakimbia. Kidole chake cha mwisho cha mguu kilikuwa kimekauka, cheusi kama mkaa. Damu hakuna. Chumba kizima kilinuka utomvu.

Niliporudi, Bi Masouda alikuwa akinywa kahawa.

"Mama, kidole cha Mzee..."

"Nnajua," akanong'ona. "Kata kingine."

"Siwezi."

"Miaka kumi na mbili kaficha mke mtaa wa Ruwi. Mie nampigia pasi kanzu za kwendea huko." Akaweka kikombe chini taratibu. "Hutaki kukata? Basi. Hakuna kuutia maji."

Ilikuwa Juni. Siku ya pili majani yakaanza kugeuka rangi ya kutu. Midomo ya Mzee ikapasuka. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko, chupa nzima, na ulimi wake ukabaki mkavu.

Nikachukua maji yangu ya kuoga, nikayamwaga kwenye shina kwa siri. Udongo ulipolegea, nikaona fundo la mvi limefungwa mzizini. Nilipoingia chumbani, Mzee alikuwa anameza mate.

Siku ya tatu Bi Masouda aliona udongo umelowa. Hakunigombeza. Aliingia jikoni, akatoka na birika la maji yanayochemka, akayamimina yote pale pale kwenye mizizi.

Siwezi kueleza nilichokikuta chini ya shuka.

Kabla ya Maghribi, Mzee akanishika mkono.

"Kilele," akasema. Ndilo neno la kwanza nililolisikia kwake. "Kikate... mwanangu."

Nikaegemeza ngazi. Nikapanda huku nikilia. Nikakata.

Kimya.

Nilipotazama chini, Bi Masouda alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, isiyumbe.

"Ahsante," akasema. "Mie nilijaribu mara nyingi. Mkono ulikataa."

Daktari aliandika kuwa Mzee amekufa kwa moyo.

Siku ya tatu ya msiba akaja Reem, yule mke wa Ruwi, na mimba ya miezi saba. Wanawake wakampisha. Bi Masouda akainuka, akamkumbatia, wakalia pamoja, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Walipoachana, akamtoa unywele mmoja begani, kwa upole, akaukunja ndani ya tishu.

Baadaye akanifuata jikoni.

"Kesho twende Mawaleh, kwa wauza miche," akaninong'oneza sikioni. "Nataka msonobari mdogo."

Kupitia mlangoni nilimwona Reem amekaa, anajipapasa tumbo. Hatua kumi tu. Neno moja lingetosha.

Nikakumbuka kitana changu kilichokuwa bafuni, na nywele zangu zilizonasa humo. Asubuhi ile sikukiona.

"Sawa, Mama," nikasema. "Tununue na mbolea?"